Kipakatalishi Geuzi kwa Mwalimu wa Kiswahili: Tununue Kipi na kwa Vigezo Gani?

Kila muhula idara yetu hupokea swali moja kutoka kwa walimu wa Kiswahili walioko Arua, Koboko, Maracha, Yumbe na kwingineko West Nile: "Kompyuta yangu imekuwa nzito kama jiwe. Ninunue ipi?" Siku hizi swali hilo huja na nyongeza: "Nimeona zile ndogo zinazokunjwa zikawa kama kishikwambi. Je, zinafaa?" Katika makala haya tumeona ni vyema tulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa sababu mara ya kwanza tulipoulizwa tulijibu kwa kifupi, na jibu letu lilimgharimu mtu.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa hilo. Miaka miwili iliyopita, mwalimu mmoja wa Koboko aliyewahi kuwa mwanafunzi wetu alitujia kutafuta ushauri. Alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu matamshi ya Kiswahili ya wanafunzi wazungumzaji wa Kikakwa, na kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikichukua muda mrefu kuwaka. Tulimwambia anunue kipakatalishi kipya, kidogo, chepesi, chenye skrini inayozunguka. Hatukumwambia zaidi ya hapo. Alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo cha walimu, akanunua kimoja kilichokuwa ndani ya boksi lake, kinang'aa, chenye skrini ya inchi 11.6. Mkopo aliulipa kwa miezi 10. Kipakatalishi chenyewe hakikumtumikia vizuri hata miezi 4.

Alikuwa amerekodi mahojiano 36, kila moja la takribani nusu saa. Alikuwa akiyahamishia kwenye kipakatalishi hicho na kuifuta kadi ya kinasa sauti ili apate nafasi ya kuendelea. Siku moja hifadhi ilijaa, programu ya kuhariri sauti ikagoma, na chombo kikakataa kuwaka ipasavyo. Fundi aliyempelekea alikirudisha katika hali ya kiwandani. Rekodi 23 zilipatikana kwa kuwa zilikuwa na nakala kwenye flashi ya rafiki yake. Rekodi 13 zilipotea. Alipotujia tena hakutulaumu kwa ukali. Alisema tu, "Walimu wangu, ninyi ndio mlioniambia ninunue hiki." Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tujifunze yale tunayoyaeleza hapa.

1. Jina la chombo chenyewe

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na jina. Neno kompyuta limezoeleka kila mahali. Nchini Kenya, vitabu vingi vya shule hutumia tarakilishi, neno lililoundwa kutokana na tarakimu na akili. Kutokana na hilo, na kitenzi pakata, likapatikana kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakatwa mapajani kama mtoto. Tanzania watu wengi husema kompyuta mpakato. Mitaani Arua utasikia laptopu tu, na muuzaji hataelewa vinginevyo. Katika makala haya tutatumia kipakatalishi, na kile ambacho skrini yake hugeuka tutakiita kipakatalishi geuzi.

Chombo hiki si kigeni sana. Mwaka 2002 tayari kulikuwa na kompyuta zilizoandikiwa kwa kalamu juu ya skrini, ila zilikuwa nzito na ghali. Aina tunayoiona leo, ambayo bawaba zake huruhusu skrini izunguke nyuzi 360 hadi igusane na mgongo wa kibodi, ilivuma kuanzia mwaka 2012, Lenovo walipoleta Yoga. Kampuni nyingine zilifuata, na ndiyo maana leo masokoni kuna HP zenye jina x360 na Dell zenye jina 2-in-1. Kipakatalishi geuzi hukaa kwa namna nne: kama kompyuta ya kawaida, kama hema, yaani kikiwa kimesimama kwa kingo zake, kama jukwaa, kibodi ikiwa imelalia meza na skrini ikimtazama msomaji, na kama kishikwambi.

2. Kwa nini kasi ni jambo la mwalimu wa Kiswahili?

Baadhi ya wenzetu husema kwamba kasi ya kompyuta ni hoja ya walimu wa sayansi, kwamba mwalimu wa lugha anahitaji chaki na kitabu tu. Kauli hiyo imepitwa na wakati. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza nchini Uganda mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mtaala huo huo unadai tathmini endelevu na kazi za mradi, na alama hizo huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mwanafunzi. Mwezi Julai mwaka 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maana yake ni kwamba mwalimu mmoja wa Kiswahili, ambaye mara nyingi ndiye pekee shuleni, anabeba alama za mamia ya wanafunzi. Kompyuta ikifa na alama zikiwa ndani, mwalimu hafi peke yake.

Isitoshe, ikumbukwe ni mfuko wa nani unaonunua. Nyongeza ya mishahara ya mwaka 2022 iliwafikisha walimu wa sayansi wenye shahada kwenye shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa sanaa, Kiswahili kikiwemo, hawakuguswa na nyongeza ile. Mwalimu wetu akikosea kununua, hana mshahara wa pili wa kurekebisha kosa.

3. Je, tunahitaji kipya?

Kabla ya kununua, tupime kile tulicho nacho. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi kichakato, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Fungua waraka wako, kivinjari na programu nyingine unazozitumia kwa kawaida, kisha utazame.

Kama diski inapanda hadi asilimia 100 na kukaa huko huku vingine vikiwa chini, na kama kompyuta yako ina diski ya zamani inayozunguka, basi tatizo ni diski. Diski ya aina hiyo husoma takribani megabaiti 100 kwa sekunde. Diski ya chipu, ambayo wauzaji huiita esi-esi-di, hufikia takribani megabaiti 550 hata ile ya aina ya SATA, na haina sehemu inayozunguka ya kuvunjika kwa mtikisiko wa boda boda. Kubadilisha diski ni kazi ya saa moja kwa fundi mzuri, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta. Kama ni kumbukumbu inayojaa, tazama iwapo kuna nafasi ya kuongeza. Walimu kadhaa waliotujia wakitaka kununua kipya waliondoka na ushauri wa kubadilisha diski, na hawajarudi kulalamika.

Hata hivyo, kuna jambo moja linaloweza kukulazimisha kuhama. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka, pamoja na mambo mengine, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, hifadhi ya gigabaiti 64 au zaidi, na kwa vichakato vingi vya Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta iliyo chini ya hapo haijawa takataka. Inaweza kuwekewa mfumo wa Linux pamoja na LibreOffice, ambayo ni ya bure na ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Sisi watu wa Kiswahili tusiione njia hiyo kuwa ngeni, kwani Desemba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ni ya ukoo huo huo wa OpenOffice.

4. Sehemu nne zinazobeba kasi

Tukishaamua kununua, tusidanganywe na rangi wala wembamba. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kasi ya kipakatalishi inabebwa na sehemu nne.

Kwanza ni kichakato. Wauzaji watakuambia, "Hii ni i5," na kuishia hapo. Neno hilo peke yake halitoshi. Soma namba yote. Katika i5-7200U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 7, inaonyesha kizazi. Katika i5-8250U kizazi ni cha 8. Tofauti kati ya hizo mbili si ndogo: ya kwanza ina viini 2 na ya pili ina viini 4, japokuwa zote huitwa i5. Kisha tazama herufi. Herufi U humaanisha kichakato cha kawaida cha vipakatalishi, chenye wastani wa wati 15. Herufi Y, kama katika i5-7Y54 au i5-8200Y, humaanisha kichakato cha kutumia umeme kidogo sana, wati 5 hivi, ambacho huwekwa katika vipakatalishi vyembamba visivyo na feni. Hapa ndipo vipakatalishi geuzi vinapotega watu, kwa sababu kuwa vyembamba ni sifa yao. Mtu hununua i5 akidhani amepata farasi, kumbe amepata punda mwenye jina la farasi. Vichakato vya Celeron vinatosha kuandika na kusoma, lakini havitoshi kwa mtu anayehariri sauti huku akihudhuria kikao cha video.

Pili ni kumbukumbu ya kazi, ile iitwayo ramu. Kwa matumizi ya mwalimu, gigabaiti 8 ndiyo sakafu. Gigabaiti 4 huiwezesha Windows 11 kuwaka, lakini ukifungua kivinjari chenye kurasa kumi pamoja na waraka mrefu, chombo kinaanza kuhema. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika vipakatalishi geuzi vingi kumbukumbu huwa imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, haiongezwi wala kubadilishwa. Ukinunua chenye gigabaiti 4 utabaki nazo hadi mwisho. Vipo vichache vyenye nafasi ya kuongeza, kwa mfano Dell Latitude 5300 2-in-1. Muulize muuzaji swali hili kabla ya swali la bei.

Tatu ni hifadhi. Hapa ndipo mwalimu wetu wa Koboko alipoumia. Chombo chake kilikuwa na hifadhi ya aina iitwayo eMMC, ya gigabaiti 64, nayo pia imeunganishwa kwenye ubao na haibadilishwi. Mfumo wenyewe, masasisho yake na programu chache vilikuwa vimechukua sehemu kubwa, zikabaki gigabaiti 9. Tufanye hesabu ambayo tungepaswa kuifanya pamoja naye siku ile ya kwanza. Sauti ya ubora wa kawaida wa utafiti, ya njia mbili, isiyobanwa, huchukua takribani megabaiti 10.6 kwa dakika. Mahojiano ya dakika 30 ni megabaiti 318. Mahojiano 36 ni zaidi ya gigabaiti 11. Zaidi ya hapo, programu ya Audacity inapoifungua sauti hiyo kwa ajili ya kuhariri huihifadhi, kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa ukubwa wa mara mbili. Kwa hiyo chombo kile kisingeweza kuubeba utafiti ule hata kama kingekuwa kipya kila asubuhi. Tunapendekeza hifadhi ya gigabaiti 256, iwe diski ya chipu inayofunguliwa na kubadilishwa, hasa ile ya aina ya NVMe.

Nne ni upoozaji. Kichakato kinapopata joto hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Kipakatalishi chembamba kina nafasi finyu ya hewa, na kikikunjwa kuwa kishikwambi, mwili wake hukumbatiwa na mikono au kulalia meza. Katika chumba chenye paa la mabati, mchana wa Februari mjini Koboko, tofauti huonekana wazi: chombo kilichokuwa kikikimbia saa 2 asubuhi kinatembea saa 8 mchana. Chagua chenye feni, na usikitumie juu ya godoro wala kitambaa.

5. Bawaba, skrini na kalamu

Baada ya kasi, tuulize kama kule kugeuka kwenyewe kunatufaa. Sisi tumeona kunafaa kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni darasa lisilo na projekta, ambalo ndilo darasa la kawaida katika shule zetu nyingi. Kipakatalishi kikisimama kama hema juu ya dawati, kikundi cha wanafunzi 6 au 7 wanaweza kutazama picha, kusoma kifungu au kusikiliza mazungumzo, huku mwalimu akiendelea na vikundi vingine. Jambo la pili ni kusahihisha. Insha iliyoletwa kwa njia ya faili husahihishwa kwa kalamu juu ya skrini kama ilivyosahihishwa kwa wino mwekundu, na mwanafunzi hupata nakala yenye alama na maoni. Programu ya bure iitwayo Xournal++ hufanya kazi hiyo bila shida. Jambo la tatu ni usomaji wa kurasa ndefu, hasa tasnifu, ambazo huchosha macho zikisomwa katika skrini iliyolala.

Kama hufanyi lolote kati ya hayo matatu, tunakushauri ununue kipakatalishi cha kawaida. Kwa fedha zile zile utapata kumbukumbu kubwa zaidi au betri bora zaidi, na hutalipia bawaba usiyoitumia.

Ukiamua kununua kigeuzi, angalia yafuatayo. Kalamu haziingiliani: kalamu ya kampuni moja huenda isiandike kwenye skrini ya nyingine, na kuna skrini zinazoguswa kwa kidole tu bila kukubali kalamu halisi. Jaribu kwa kuandika sentensi nzima ukiwa umelaza kiganja juu ya skrini. Kama kiganja nacho kinachora, kalamu hiyo haitakufaa kwa kusahihisha. Vilevile, kunja na kukunjua bawaba mara kadhaa. Skrini isiteteme ukiigusa, na pasisikike mlio wa kitu kinachosagika, kwa sababu nyaya za skrini hupita humo humo, na skrini ya kugusa ni miongoni mwa sehemu ghali kubadilisha. Aidha, hesabu matundu. Vingi kati ya hivi vidogo vina tundu la USB-C bila HDMI, ilhali projekta zetu nyingi hutaka HDMI au hata VGA ya zamani. Itakubidi ununue kiunganishi, na si kila tundu la USB-C linalotoa picha. Jaribu hapo hapo dukani.

6. Umeme, jua na vumbi

Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Tulitegemea jenereta, na tangu mwaka 2012 kituo kidogo cha maji cha Nyagak, karibu na Paidha, chenye uwezo wa megawati 3.5. Kwa sasa mkoa umeunganishwa na gridi, lakini shule nyingi zilizo mbali na barabara kuu ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba bado hutegemea jua. Kwa shule hizo, umeme ni sehemu ya kasi, kwani kompyuta iliyozimika ndiyo ya polepole kuliko zote.

Hebu tuhesabu. Betri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, haifai kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo tunazo 600. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake, ikichukua wati 120, itaimaliza kwa saa 5. Kipakatalishi kidogo wakati wa kuandika huchukua wati 10 hivi. Tukiongeza upotevu wa njiani tuseme 15. Betri ile ile itakilisha kwa saa 40. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kununua chombo kidogo huku kwetu, na inahusu vipakatalishi vyote vidogo, viwe geuzi au visiwe.

Chombo kinachochajiwa kwa USB-C kina faida nyingine, kwani kuna chaja za gari za volti 12 zinazoweza kukichaji moja kwa moja kutoka betri ya jua, bila kupitia inverta. Hakikisha tu kwamba chaja ina nguvu ya kutosha. Vipakatalishi vingi vya aina hii huja na chaja ya wati 45 au 65. Kuhusu vumbi la kiangazi, nunua mfuko unaofungika kabisa, na kila mwaka mpelekee fundi asafishe feni.

7. Dukani: dakika 20 za ukaguzi

Wengi wetu hununua vilivyotumika, ambavyo awali vilikuwa mali ya kampuni za ng'ambo. Si aibu. Kipakatalishi cha ofisi cha miaka kadhaa iliyopita mara nyingi kina ubora kuliko kipya cha bei ya chini. Lakini usilipe kabla ya kufanya haya:

(a) Andika msinfo32 katika sehemu ya kutafutia. Utaona jina kamili la kichakato na kiasi cha kumbukumbu. Usiamini kibandiko.

(b) Andika tpm.msc. Uone kama chipu ya usalama ipo na ni toleo la 2.0.

(c) Fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Itaundwa ripoti ya betri. Linganisha uwezo wa awali na uwezo wa sasa. Ikiwa ya sasa iko chini ya nusu ya ya awali, ongeza bei ya betri mpya katika hesabu zako.

(d) Zima na uwashe ukiingia katika mpangilio wa ndani wa mashine. Kikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, achana nacho. Vilevile, kikiwaka na kuonyesha jina la kampuni fulani kikitaka uingie kwa akaunti yake, basi bado kimefungwa na mwenye nacho wa kwanza.

(e) Gusa kila pembe ya skrini, bonyeza kila kitufe, piga picha kwa kamera, rekodi sauti yako na uisikilize.

(f) Kiache kikicheza video kwa dakika 10 bila chaja, kisha ukiguse mgongoni.

Muuzaji akikukataza kufanya haya, amekujibu.

8. Tulichokifanya sisi

Baada ya kujifunza hayo, idara ilipopata fedha za chombo kimoja cha kurekodi na kusahihishia, tulifuata vigezo hivi hivi. Tulikwenda maduka manne mjini Arua. Katika duka la kwanza tulionyeshwa kipya kinachong'aa, cha eMMC ya gigabaiti 64, ndugu wa kile cha mwalimu wetu. Tukashukuru, tukatoka. Katika la nne tulipata kilichotumika, cha inchi 13.3, i5 ya kizazi cha 8 yenye herufi U, kumbukumbu ya gigabaiti 8, diski ya NVMe ya gigabaiti 256. Betri yake iliyotoka kiwandani na wati-saa 57 ilikuwa imebaki na 41, yaani asilimia 72, ambazo hutupatia karibu saa 4 za kuandika. Tulilipa shilingi 1,250,000. Kina mikwaruzo kifunikoni na kitufe kimoja kimefifia herufi. Kazi kinafanya.

Kasoro hatutazificha. Kumbukumbu yake haiongezeki, kwa hiyo tunajua kwamba siku moja gigabaiti 8 zitakuwa chache. Kalamu tuliinunua peke yake baada ya kukosea ya kwanza. Na bado tunabeba kiunganishi cha HDMI kila tunapokwenda darasani.

Hitimisho

Mwalimu wa Koboko alirudi kwa wanafunzi wake. Kati ya wale 13 ambao sauti zao zilipotea, aliwapata 9. Wanne walikuwa wamehama. Aliandika katika tasnifu yake kwamba idadi ilipungua, akaeleza sababu, na akaendelea. Kipakatalishi chake kidogo hakikutupwa. Anakitumia kusomea na kusahihishia insha, kazi kinayoiweza, na rekodi zake sasa zinakaa mahali patatu: kwenye diski ya nje, kwenye kompyuta ya idara yetu, na kwenye flashi iliyo nyumbani kwake. Kadi ya kinasa sauti haifuti mpaka nakala zote tatu zimefunguliwa na kusikilizwa. Kanuni hiyo tumeifanya kuwa ya idara nzima, na tunawasihi wasomaji waifuate hata kama kompyuta zao ni mpya kabisa.

Kwa muhtasari: pima kazi yako kwanza, kisha chombo ulicho nacho. Ukinunua, soma namba yote ya kichakato, usikubali chini ya gigabaiti 8 za kumbukumbu wala hifadhi isiyobadilishika ya gigabaiti 64, na ulipie bawaba pale tu utakapoitumia. Yeyote anayetaka kununua anakaribishwa idarani na karatasi yenye jina kamili la chombo alichokiona, kabla hajalipa. Kuuliza si ujinga, na safari hii hatutajibu kwa kifupi.